Kurasa za Maalim Kheir

Zeyana binti Kheir hakuwa mtu wa kushindwa na herufi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipanga kurasa katika duka la chapa la Badrudin, pale Sokomuhogo: kadi za harusi, kalenda, vitabu vya chuoni, vipeperushi vya wagombea. Mtu huja na maneno yake yamebanana, akaondoka nayo yamekaa mkao wa kusomeka. Akipita njiani akaona bango lililopangwa ovyo hununa mpaka anafika nyumbani, na anayemuuliza kulikoni huelezwa kwa urefu. Kwa hivyo babake alipopata shida ya kusoma, Zeyana alijiambia kwamba kazi hiyo ni yake, na kwamba kufika Alhamisi itakuwa imekwisha.

Babake, Maalim Kheir, alikuwa khatibu wa msikiti wa Ijumaa ulio ng'ambo ya kichochoro, hatua ishirini kutoka dirisha la jikoni. Miaka thelathini na moja hajamwachia mtu mimbari ila kwa homa au hija. Aya na dua zilikuwa kifuani mwake, lakini mawaidha ya Kiswahili aliyaandika kwa mkono kila wiki na kuyasoma kama yalivyo. Alisema mtu akisimama mbele za watu bila ya karatasi, akaona wanamsikiliza vizuri, hachelewi kuanza kujisifu mwenyewe.

Mwaka juzi alitolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. La kushoto lilikuwa bado linangoja zamu. Akasoma hivyo hivyo, kwa miwani na kwa ubishi, mpaka Ijumaa moja umeme ulipokatika katikati ya khutba. Mimbari ya msikiti ule ipo kwenye kona ya kuta nene, na taa ikizimika adhuhuri huwa kama magharibi. Maalim Kheir alinyamaza muda wa kusoma Fatiha mbili. Akasoma mstari mmoja mara mbili, akaruka ukurasa mzima, na watu wa safu ya mbele wakaanza kutazamana.

Jumapili yake akaja Bwana Amour, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, amebeba kikapu cha halua. Watu wazima hawakuletei halua siku ya Jumapili bila ya neno.

"Maalim, sisi hatukutoi," alisema Bwana Amour. "Tunasema upumzike. Abdulwahid yupo, na ni mwanafunzi wako mwenyewe."

"Nipe Ijumaa hii moja," alijibu Maalim Kheir. "Nkijikwaa tena, ntamkabidhi Abdulwahid fimbo mbele ya watu, kama nilivyokabidhiwa mie."

Zeyana alikuwa nyuma ya pazia akimimina kahawa, na alilisikia kila neno, pamoja na hilo la fimbo. Msomaji alishike, maana mwenyewe atalisahau.

Jumatatu jioni aliweka juu ya meza vifaa vitatu vya kusomea. Maalim Kheir aliviita vibao, kwa sababu alianza kusoma Kurani kwenye ubao chuoni na hakuona tofauti kubwa.

Kibao cha kwanza kilikuwa tableti ambayo Suhail, kaka yake Zeyana, aliituma kutoka Maskati kwenye Idi iliyopita. Kikubwa, chembamba, kinameremeta, na rangi zake zinapendeza kwa picha za wajukuu. Zeyana alikifungua kwenye ukurasa wa khutba ya zamani. Baba alisoma mistari miwili, akageuza uso, jicho linamtoka machozi.

"Hiki kinanitumbulia macho mie badala ya mie kukitazama," alisema.

Na alikuwa na haki. Mwangaza wa kile kibao ulitoka nyuma ya maneno ukampiga mtu usoni moja kwa moja, na jicho lililopasuliwa haliutaki. Isitoshe, juu ya kioo ilikuwa ikionekana feni ya darini inazunguka, panga zake zinapita juu ya maneno. Zeyana alikizima akakirudisha kwenye kasha lake, na Suhail hakuambiwa kitu.

Cha pili kilikuwa cha Inaya, bintiye Badrudin, aliyekiacha nyumbani alipokwenda kusoma ng'ambo. Hicho kilikuwa kitu kingine. Kioo chake haking'ai, kimefanana na karatasi. Taa zake zimejificha kingoni na mwanga wake huteremka juu ya ukurasa, haumrukii msomaji. Tena rangi ya mwanga hubadilishwa, ukitaka mweupe, ukitaka wa manjano kama samli. Mbele chote ni kioo, hakina kitufe hata kimoja. Ukigusa, ukurasa unafunuka.

Cha tatu alikileta Wanu, binamu yake anayefanya kazi kwenye hoteli moja Matemwe. Mgeni alikisahau chini ya mto miaka miwili nyuma, hoteli ikamwandikia, hakujibu. Kilikuwa kidogo, kizee, plastiki nene, na vitufe viwili kila ubavu. Herufi zake zilikuwa na kingo za kukwaruzika, na mwanga wake mweupe wa kibuluu, kama wa ndani ya friji. Zeyana alikiangalia kwa jicho lile lile analoyatazamia mabango ya njiani, akakitia kwenye mtoto wa meza.

Basi kazi ikaanza kwa kibao cha Inaya. Baba alikuwa keshaandika khutba mapema, na Zeyana akaipiga chapa yote. Akatoa fonti nyembamba iliyokuja na kibao, kwa sababu miguu ya herufi zake ilikuwa ikipotea mbele ya jicho la mzee, akaweka nene, yenye matumbo mapana na nafasi ya kutosha ndani ya kila a na e.

"Herufi hizi zimeshiba," alisema Maalim Kheir, na alifurahi.

Halafu ukaja ugomvi wa mistari. Kibao kile kilifundishwa Kiingereza, na kilipofika mwisho wa mstari kiliyakata maneno ya Kiswahili popote kilipotaka, likabaki vipande vipande neno refu kama waliojitahidi. Zeyana akakizuia kukata. Kikaanza kuyavuta maneno ili kingo zote mbili zilingane, na katikati ya mistari pakawa na mapengo ya kupitisha gari la ng'ombe. Akakizuia na hilo. Maneno yakasimama sawa upande wa kushoto, na kulia kila mstari ukaishia ulipoishia.

"Mbona huku kulia kumeliwa na panya?" aliuliza Baba.

"Kumeliwa makusudi. Jicho lako likirudi kushoto linajua limetoka mstari gani. Soma."

Akasoma. Alisoma Jumanne baada ya chai, amekaa kitini, viwiko mezani, kibao mikononi. Jumatano Zeyana alifunga madirisha yote, pakawa kiza cha ndani ya mtungi, na Baba akasoma kwa mwanga wa samli pasipo kukwama. Akamchukua mpaka juu ya paa, kwenye jua la saa sita, akasoma vile vile. Zeyana alisimama kando amekunja mikono, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kulipwa.

"Nshamaliza," alimwambia Badrudin kazini siku hiyo.

Badrudin alikuwa akihesabu bahasha za kadi za harusi. "Kwenye kiza umejaribu?"

"Kiza, jua, kukaa karibu, kukaa mbali. Hakuna nilichokisahau."

Na kweli alisadiki hivyo. Kama ungemuuliza angekuonesha na karatasi aliyoandika kila alichojaribu.

Alhamisi, baada ya Asri, Maalim Kheir alichukua kibao akaenda nacho msikitini kukizoea mimbari ikiwa tupu. Alirudi baada ya nusu saa. Alivua viatu, akakaa, akaweka kibao mezani polepole, na Zeyana akajua kuna jambo kwa sababu hakuitisha chai.

"Kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Kizuri sana, mwanangu. Tatizo mie nna mikono miwili tu."

"Kwani wataka mingapi?"

"Wa kushoto una fimbo," alisema Baba.

Khatibu anapokuwa juu ya mimbari hushika fimbo mkono wa kushoto tangu mwanzo mpaka mwisho, na mzee mwenye miaka sabini na mbili haishiki kwa ada tu, anaiegemea. Alibakiwa na mkono wa kulia peke yake. Karatasi alizoea kuzisukuma kwa dole gumba, moja nyuma ya nyengine. Kwa mkono huo akishike kibao, na kwa mkono huo huo afunue ukurasa. Lakini kila alipokikaza kisimponyoke, dole gumba liligusa kioo, na ukurasa ukaruka. Akiurudisha, zinarudi mbili. Mara tatu alijaribu, na mara tatu alijikuta kwenye dua ya mwisho kabla ya kusema Amma baad, neno la kufungulia mawaidha.

"Siiachi fimbo, Zeyana. Ntaanguka, au watasema keshaanguka. Bora nimpe Abdulwahid kwa hiari yangu."

Alisema bila ya uchungu, na hilo ndilo lililomuuma Zeyana zaidi. Aliona haya. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma, yeye aliyemwambia Badrudin hakuna alichokisahau. Fimbo ilitajwa ndani ya nyumba yake, Jumapili, birika la kahawa likiwa mkononi mwake.

Lakini ukweli wa mambo ni kwamba hajawahi kumuona babake akitoa khutba. Msikiti ule hauna pahala pa wanawake siku ya Ijumaa. Tangu yu mtoto wa miaka sita khutba ilimjia kwa kipaza sauti na dirisha la jikoni, baina ya mvuke wa sufuria na kelele za kunguru. Alijua kwamba makhatibu hushika fimbo, kama anavyojua kila mtu. Ila Maalim Kheir wa Ijumaa, kwake yeye, hakuwa na mikono wala miguu. Alikuwa sauti.

Kisha akainuka, akavuta mtoto wa meza, akakitoa kile kizee cha Matemwe.

"Shika hiki. Mkono wa kulia. Kikaze utakavyo."

Maalim Kheir alikikaza. Ukurasa haukwenda popote. Dole gumba lake lilitua lenyewe juu ya kitufe cha ubavuni, akabonyeza, ukurasa ukafunuka mmoja, si miwili.

"Lakini mwanga wake wa hospitali," alisema. "Na kidogo hivi, maneno yataenea?"

"Mwanga niachie mie. Na maneno niachie mie."

Kwa mwanga alikwenda mbio dukani kwa Badrudin kabla hajafunga, akarudi na kipande cha nailoni ya manjano, ile inayofungiwa visanduku vya halua ya harusi. Alikikata sawa na kioo, akakibandika kingoni kwa gundi ya karatasi. Ule ubuluu wa friji ukafa. Ukatoka mwanga wa taa ya mafuta, umefifia kidogo, na Baba akakubali kwa kichwa.

Kwa maneno kazi ilikuwa kubwa zaidi. Kioo kile kidogo, kwa herufi za ukubwa anaoutaka mzee, kilibeba mistari saba tu. Khutba iliyokuwa kurasa kumi na nne kwa kibao cha Inaya ikapita thelathini, na kila ukurasa unapofunuka kioo kizee kama kile hupiga weusi mara moja ndipo kilete maneno mapya. Ukurasa ukikatika katikati ya sentensi, mzee atasimama mdomo wazi mbele ya waumini mia mbili. Kila kufunua ni nafasi ya kujikwaa.

Zeyana akafungua kompyuta. Alipima kioo kwa rula, akatengeneza kurasa za kipimo kile kile, halafu akafanya jambo ambalo duka zima la Badrudin lisingemsaidia. Alifumba macho akamsikiliza babake. Alimsikia anavyoanza taratibu, anavyopandisha, anavyonyamaza kidogo baada ya kusema Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, anavyovuta pumzi ndefu kabla ya kutaja haki ya jirani. Kila palipokuja pumzi, akakata ukurasa. Kurasa nyengine zikawa na mistari saba, nyengine mitatu, nyengine mmoja na weupe mtupu chini yake, na zote pamoja zikawa arubaini na moja. Mwenye kujua kazi angesema zimepangwa na mlevi.

Baada ya Magharibi Maalim Kheir alisimama katikati ya ukumbi. Fimbo haikuwepo, ile haitoki msikitini, kwa hivyo Zeyana alimpa mti wa fagio akauegemea kwa mkono wa kushoto. Wakazima taa. Akasoma.

Alifika mwisho wa ukurasa wa kwanza, akavuta pumzi, akabonyeza. Wa pili, akavuta pumzi, akabonyeza. Ule weusi ulipita wakati yeye anapumua, na alipokuwa tayari maneno yalikuwa yanamngoja. Kwenye ukurasa wa tisa aliacha kusoma.

"Hapa umejuaje?" aliuliza. "Mie mwenyewe sikujua kama nnavuta pumzi hapa."

"Wavuta kila wiki."

"Na wewe umeniona lini?"

"Sijakuona, Baba. Nakusikia. Miaka thelathini na moja."

Maalim Kheir alikinyanyua tena kibao. Alisoma mpaka ukurasa wa arubaini na moja, kisha akauchukua ule mti wa fagio akaurudisha jikoni kwa mkono wake, jambo ambalo katika nyumba ile halijapata kutokea.

Ijumaa Zeyana hakupika kitu cha maana. Aliweka wali motoni ili awe na sababu ya kukaa dirishani, na mbele yake akaweka kurasa arubaini na moja alizozichapa kwenye karatasi. Kipaza sauti kilitoa adhana, kikakohoa, kikatoa salamu ya Baba. Hamdu ilikwenda kama maji. Yakaja mawaidha. Ukurasa wa kwanza, pumzi. Wa pili, pumzi. Zeyana alifunua karatasi zake pamoja naye, na kufika wa kumi alikuwa ameanza kujisifu kimoyomoyo, kama ilivyo tabia yake.

Kwenye ukurasa wa kumi na sita umeme ukakatika.

Feni ilisita, friji ikanyamaza, na sauti ya Baba ikakatika katikati ya neno. Zeyana alitoa kichwa nje ya dirisha. Labda angeisikia bila ya kipaza, hatua ishirini si nyingi. Lakini jenereta la nyumba ya wageni ya jirani likawashwa hapo hapo, likanguruma mpaka vikombe vikatetema. Bi Mwanakheir, jirani wa dirisha la mbele, alimuashiria kwa mkono: vipi? Zeyana akatikisa kichwa. Hakujua.

Akafanya lile pekee aliloweza. Aliendelea kufunua kurasa kwa mwendo wa babake, kama anavyoujua, bila ya kumsikia. Kumi na saba. Kumi na nane. Alimuona, kwa mara ya kwanza maishani alijilazimisha kumuona, na mikono na yote: wa kushoto kwenye fimbo, wa kulia kwenye kile kizee cha Matemwe. Aliogopa kwamba nailoni imebanduka. Aliogopa kwamba chaji imekwisha, ingawa alikichaji tangu alfajiri. Alipofika arubaini na moja wali ulikuwa umeshika chini.

Watu walitoka msikitini. Kutoka juu aliona kofia tu, na kofia hazisemi kitu. Bwana Amour alisimama mlangoni akizungumza na watu wawili, akaondoka. Baba hakuonekana.

Baadaye hodi ikapigwa. Zeyana aliteremka ngazi, akafungua. Alikuwa Abdulwahid, amevaa kanzu nyeupe, na mkononi ameshika fimbo ya mimbari.

Zeyana aliitazama fimbo. Akashika mlango. Ijumaa moja Baba aliomba, na Ijumaa moja imepita, na fimbo imekwenda ilikosemwa itakwenda. Akaanza kutafuta maneno ya kumpongeza Abdulwahid, maana kosa si lake.

"Shikamoo Da Zeyana," alisema Abdulwahid. "Maalim kanituma. Yuko na wazee, wamemzunguka hawamwachi. Anasema nikuletee uione. Anasema hujapata kuiona."

"Hakujikwaa?"

"Ajikwae wapi? Taa zilipozimika msikiti mzima ulikuwa kiza, kunaonekana uso wake tu, wa manjano. Mie nilikuwa safu ya kwanza nnatazama dole gumba lake. Hakusita hata pahala pamoja." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Bwana Amour kamuuliza kibao kile kinauzwa wapi."

Zeyana alilia. Alilia waziwazi, mlangoni, mbele ya kijana wa watu, na Abdulwahid kwa adabu akaangalia kichochoroni.

Kisha akaipokea fimbo. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, ya mti mweusi, na pale kiganja kinapokaa palikuwa pameliwa, pamelainika, pana shimo la vidole vinne vya mkono wa kushoto. Aliweka mkono wake humo. Akanyoosha wa kulia mbele yake kana kwamba ameshika kitu, akakunja dole gumba, akabonyeza hewa.

"Irudishe kabla ya Asri," alimwambia Abdulwahid na kumpa. "Mwambie nshaiona. Na mwambie wiki ijayo khutba niipate Jumatatu. Arubaini na moja nyingi, ntampangia thelathini na tano."